Mtungi Uliorudishwa

Ukitaka kumkasirisha Mama wa Mtungi, sifu pombe yake kabla hujainywa. Atakutazama kutoka juu mpaka chini, kisha atakuuliza, "Umeonja wapi? Kwa macho?" Nimeona wanaume wazima, watu wenye wake wawili na zizi la ng'ombe, wakikosa pa kuweka mikono kwa swali hilo. Wageni walidhani ni mzaha. Sisi wa pale tulijua kwamba hampendi mtu anayemwaga maneno matamu kabla hajapewa kitu, kwa sababu mtu huyo, alisema, amekuja na shida nyingine kabisa na hataki kuitaja.

Jina lake sitaliandika. Watoto wake wapo, na mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kulitia jina lile kwenye karatasi. Kwao hasa ni upande wa Rubongi, karibu na Tororo. Aliolewa Masaba kwa Wasamia, akafiwa na mumewe, akabaki. Zaidi ya hapo sikuuliza, naye hakusema. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale sokoni, katika njia ya kutoka Masaba kwenda Busia, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya wauza samaki. Kwa miaka minane au tisa nilimwona kila siku, isipokuwa Jumapili asubuhi alipokuwa kanisani.

Ninaandika nikiwa na hasira. Nasema mapema ili msomaji asipoteze wakati kutafuta upole humu.

Kwanza pombe yenyewe, maana bila pombe hutamwelewa. Unga wa wimbi aliuvundika siku nyingi, akaukaanga juu ya bati pana mpaka ukawa na rangi ya udongo, akauanika juani, ndipo akautia kimea na maji. Wapika pombe wengine walichanganya na unga wa mahindi ili mtungi uonekane mkubwa. Yeye alisema anayefanya hivyo anawanywesha watu uji na kuwadanganya kuwa wamelewa. Ikiiva, mtungi uliwekwa katikati ya kibanda, wanaume wakauzunguka kwa vigoda, kila mmoja na mrija wake mrefu, naye akipita nyuma yao na birika kuongeza maji ya moto. Hakuuliza nani anataka maji. Aliona kwa mashavu yao.

Mirija ilikuwa mali ya wenyewe lakini ililala kwake, imechomekwa darini kwa safu. Aliijua yote, huu wa mkata miti, huu wa mzee wa kanisa ambaye nyumbani alisema amekwenda kuangalia mitego ya fuko. Kulikuwa na jirani yetu mmoja aliyempiga mkewe mpaka mama wa watu akavunjika kidole. Alipokuja siku iliyofuata akaukuta mrija wake umelala nje, kuku wakiutembelea. Hakuna aliyemwambia neno. Aliuokota, akaufuta kwa shati, akarudi nao nyumbani, na ilimchukua msimu mzima wa mvua kabla Mama wa Mtungi hajaupokea tena.

Sasa sheria yake. Kwake hapakuwa na mtu mmoja wa kununua mtungi mzima. Kila mnywaji alitoa senti kumi, au kibakuli cha wimbi, na aliyezidisha alirudishiwa. Usimwone mjinga wa biashara, kwa maana wenzake waliouzia matajiri mitungi mizima walipata haraka kuliko yeye. Sababu ilikuwa desturi ya kwetu. Mtu akikununulia mtungi, nawe ukatia mrija wako ndani, umefungwa. Huwezi kumsema vibaya mbele ya watu, wala kusimama upande wa pili katika shauri lake, mpaka siku utakayomrudishia mtungi naye akaunywa. Kati ya majirani desturi hii ilifaa sana. Watu waliogombania mpaka wa shamba walinunuliana mitungi, mwaka huu mmoja, mwaka ujao mwingine, na panga zikakaa ndani. Lakini Mama wa Mtungi alikwisha kuona shimo lililomo. Alijiuliza itakuwaje akija mtu ambaye hakuna awezaye kumrudishia.

Nakumbuka kijana mmoja wa reli aliyekuja kutoka Tororo siku ya mshahara, suruali imepigwa pasi, akatupa noti mezani na kusema kila mtu anywe kwa jina lake. Wanaume walikwisha kuanza kushangilia. Mama akaiokota ile noti, akamrudishia mfukoni mwa shati, akachukua senti kumi tu kutoka mkononi mwake.

"Kaa chini, kunywa na wenzako," alimwambia. "Mimi hapa nauza pombe. Watu siuzi."

"Mama, pesa ni yangu!"

"Ndiyo, ni yako. Na hawa watu ni ya nani?"

Kijana aliondoka akitukana kwa lugha tatu. Mwezi uliofuata alirudi, akatoa senti kumi, akakaa chini, na tangu hapo hakukosa.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na ulimi wa kuchuna ngozi, na kinyongo chake kilidumu. Aligombana na wifi yake kwa sababu ya kuku mmoja, wakaishi miaka miwili ua kwa ua bila salamu. Polisi walipokuja kunywa bure aliwamiminia maji mpaka pombe ikawa kama ya kuoshea vyombo, akiwachekea. Mkwewe alipokamatwa na sukari ya magendo mpakani Busia, alipeleka mbuzi kwa askari usiku huohuo, mkwe akarudi asubuhi. Nilimchokoza. Nikamwambia, wewe si ndiye unayekataa rushwa? Akanijibu bila aibu, "Ile ilikuwa mbuzi yangu na mkwe yangu. Mimi nimeharibu kitu ya nani?" Sikuridhika na jibu hilo, na mpaka leo siridhiki. Kanisani alikaa benchi la mbele kabisa, na padri alipohubiri juu ya ulevi alitikisa kichwa kukubali, polepole, mtu asiyemjua angedhani anauza maziwa.

Nami alinisumbua sana. Kila gomesi, lile vazi refu la kike, niliyomshonea aliigeuza ndani nje akitafuta uzi uliolegea. "Hii kifungo imelala, fundi. Iamshe." Lakini alilipa siku ileile, na mke wangu alipojifungua kwa shida alikaa naye siku nne, akaacha kibanda chake kimefungwa. Hilo nalo nilikuwa nalijua, siku ile niliyosimama pale niliposimama.

Serikali ilituletea kura ya baraza la wilaya. Namna yake ilikuwa hivi: wagombea wanasimama uwanjani, walipa kodi wanapanga mstari nyuma ya yule wanayemtaka, askari anapita na fimbo akihesabu vichwa. Wanawake hawakuitwa kwenye mstari. Tuliambiwa ni njia nzuri kwa watu wasiojua kusoma. Hakuna aliyetuuliza kama tunajua kusimama mbele ya macho ya tajiri.

Wa kwetu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mwenye baiskeli, sauti nzuri na kola iliyogeuzwa mara mbili, najua kwa kuwa niliigeuza mimi. Wa pili tulimwita Tajiri wa Pamba. Alinunua pamba ya wakulima kwa mizani yake mwenyewe, akaiuza kwenye viwanda vya kuchambulia, akawa na malori mawili. Alikitaka kile kiti kwa sababu moja, wala hakuificha. Baraza jipya lingeamua mahali pa soko. Yeye alikwisha kununua ardhi kando ya barabara kubwa, na alitaka soko lihamie huko, kila mwanamke mwenye kikapu amlipe ushuru wa kukaa. Mwalimu alisema soko libaki palepale, bila malipo, kama lilivyokuwa. Basi kura yote ilikuwa juu ya uwanja ule, wauza samaki, wauza vyungu, na kibanda cha Mama wa Mtungi.

Tajiri alianza na wapika pombe. Aliwalipa wote, kijiji kwa kijiji, mitungi ya majuma matatu. Kwa Mama alikuja mwenyewe, na bahasha. Alisifu pombe kabla hajaonja, basi nikajua itakavyokuwa. Mama alimwonyesha kigoda.

"Toa senti kumi, mzee, kaa na wenzako."

"Mama, nimekuletea za mitungi ishirini."

"Nimesikia. Mimi nauza pombe. Watu siuzi."

Tajiri alicheka, akairudisha bahasha mfukoni, akatoka. Jioni ile wanaume wanne tu ndio waliokunywa kwake. Wengine walikuwa wakinywa bure kwingine, na kabla ya juma kwisha mirija mingi iliondoka darini, wenyewe wakiichukua bila kumtazama usoni.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Walionaswa na ile mitungi hawakuwa watu wabaya. Wahuni walikunywa kwa Tajiri, wakajifuta midomo, wakasema watasimama watakapo. Walionaswa ni wale wenye kushika neno, wazee wa heshima ambao hawajapata kuvunja sheria ya mtungi tangu wazaliwe. Walimchukia Tajiri, mizani yake iliwaibia kila msimu, wake zao walikuwa wanauza sokoni, na bado walisema kwa huzuni, "Tumekunywa mtungi wake. Tutasimama wapi?" Yule bwana alichukua kitu kilichokuwa kizuri kuliko vyote kwetu akakifanya kamba ya kutuvutia. Na hela yake haikuwa hata nyingi.

Mama wa Mtungi hakukaa kulia. Alimwendea mwalimu, akamwandikisha barua kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Tororo. Mimi nilikuwa na safari ya kununua nyuzi, nikafuatana naye kwenye lori, juu ya magunia. Barua ilikuwa fupi. Tangu siku majina ya wagombea yanapotajwa mpaka siku ya mstari, mgombea asinunulie watu mtungi, wala chumvi, wala nguo. Akinunua, jina lake lifutwe. Tulingoja ukumbini tangu asubuhi hadi saa nane. Bwana Shauri aliisoma amesimama, akamwambia karani wake kitu kwa Kiingereza, karani akatugeukia.

"Bwana anasema kunywa pombe ni desturi yenu. Serikali haiingilii desturi."

"Mwambie desturi ni kunywa pamoja," alisema Mama. "Kununua kijiji mzima ni desturi ya nani? Mimi sikukuta hiyo."

Karani alitafsiri, au alijifanya kutafsiri. Bwana Shauri akatabasamu.

"Anauliza, wewe utasimama kwenye mstari?"

"Mimi mwanamke. Nitasimama wapi?"

"Basi anasema jambo hili halikuhusu. Nenda salama, mama."

Halikuhusu! Mwanamke ambaye uwanja unaouzwa ni wake anaambiwa halimhusu. Na desturi zetu ambazo serikali hiyohiyo ilizikataza kila ilipotaka, leo zimekuwa tamu mpaka haziguswi. Kwenye lori la kurudi mimi ndiye niliyepiga kelele. Niliapa, kwa sauti, mbele ya magunia na watu waliokaa juu yake, kwamba sitasimama nyuma ya yule mwizi wa mizani hata nikichinjwa. Mama alishika kitambaa chake kisipeperuke. Tulipokaribia nyumbani alisema, "Kama mtungi imefunga watu, mtungi itafungua."

Alifungua ghala lake akatoa wimbi lote, mpaka la mbegu. Alipika kwa siku zake kamili, bila kuharakisha, katika mtungi mkubwa ambao sijapata kuona mwenzake. Siku ya soko, juma moja kabla ya kura, wanawake wanne waliubeba kwenye machela ya miti, wengine wakifuata na birika na mirija mipya, mpaka nyumbani kwa Tajiri. Biashara ilisimama. Nusu ya soko tuliwafuata. Tajiri alikuwa amekaa barazani kwake na wazee waliokuwa wakinywa mitungi yake. Wanawake wakatua mzigo mbele ya miguu yake.

"Mzee," alisema Mama, "watu yote waliokunywa kwako, hii ndiyo mtungi yao. Wamekurudishia. Shika mrija, kunywa, maneno iishe."

Nawaambia ukweli, niliona nyuso za wazee zikifunguka. Mmoja alijishika kifuani. Tajiri akivuta fundo moja tu, wote wangekuwa huru, na sheria ya mtungi ingekuwa nzima bila ufa. Alipelekewa mrija. Akauweka chini taratibu.

"Mama, unisamehe. Mimi nimeokoka. Pombe sinywi."

Mtu aliyenunua mitungi ya majuma matatu! Aliyenywesha wilaya nzima! Watu walicheka kidogo, kicheko cha kuogopa. Mama wa Mtungi hakucheka.

"Kama hunywi, ulinunua mitungi ya nini?"

Tajiri alisema ni ukarimu tu. Ndipo macho yote yakamgeukia mzee mmoja aliyekuwa mwamuzi wa mambo ya mitungi, mtu mwenye mvi na heshima, aliyeujua kila mtungi ulionunuliwa tangu baba zetu. Alikuwa amekaa upande wa kulia wa Tajiri. Alisema mtungi usionywewa haujarudishwa. Hiyo ndiyo sheria. Na sheria ilikuwa hivyo kweli, hakudanganya. Ila palikuwa na wanaume sitini pale, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kusema kwamba mtu aliyekataa kurudishiwa ndiye aliyevunja desturi kwanza. Lilikuwa neno la kusema kwa pumzi moja. Mimi nililifikiri. Nilikuwa nalo mdomoni.

Mtungi ulibaki pale mbele ya baraza siku mbili, juani, ukachacha. Hakuna aliyethubutu kutia mrija, wala Tajiri hakuuondoa.

Sasa la kwangu. Sikuwa nimekunywa hata tone la mitungi ya Tajiri. Hili nataka lieleweke vizuri, kwa sababu wengine wana udhuru na mimi sina. Hakuna desturi iliyonifunga. Siku tatu baada ya yale, dereva wake alinishushia majora manne ya kaki barazani na kusema bwana wake anataka mashati ya wapagazi wake wote, na malipo haya hapa, yote, kabla sijakata kitambaa. Hakuniomba kitu. Aliuliza tu, akipanda lori, kama shemeji zangu hawajambo. Nilikuwa na shemeji wanane, walipa kodi wote, na wote walinisikiliza kwa sababu nilijua kusoma gazeti. Nilikuwa nataka cherehani ya pili. Nilikuwa nimeitaka kwa miaka mitano. Usiku nilimwambia mke wangu kwamba mwalimu hawezi kushinda hata hivyo, kwa hiyo hakuna tunachoharibu. Alipunguza utambi wa taa akalala, naye ndiye aliyekaa na Mama siku zile nne.

Siku ya mstari palikuwa na jua kali. Wanawake walisimama nyuma ya ua wa mkonge kando ya uwanja, kimya, na Mama wa Mtungi katikati yao. Niliingia mstari wa Tajiri, shemeji zangu wanane nyuma yangu. Wazee wa mitungi walikuwa mbele yetu, vichwa chini, wengine wakilia waziwazi bila kujificha. Mimi sikulia. Askari akapita na fimbo. Tajiri alimshinda mwalimu kwa watu saba.

Hesabu hiyo sihitaji kumfanyia mtu. Sisi tulikuwa tisa.

Soko lilihama kabla ya mvua. Uwanja wetu ulilimwa pamba. Wanawake walikwenda kukaa kwenye ardhi ya Tajiri, wakimlipa kwa kikapu, na aliyekosa hela asubuhi aliacha samaki. Kibali cha pombe cha Mama wa Mtungi kilipokwisha chifu hakukipiga muhuri tena, akisema ni amri ya baraza. Hakuwa na wimbi la kupanda, maana la mbegu alikwisha kulipika. Alifunga vyombo vyake, akarudi kwa kaka yake Rubongi. Siku aliyoondoka nilikuwa nashona, kwenye cherehani mpya, na nilipoona lori linapita niliinama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Nimewasikia vijana wakisema ilikuwa ujinga wa watu wa zamani, kuuza kiti kwa pombe. Nawajibu kwa ukali kuliko inavyonipasa. Mlevi hakuuza kitu. Waliouza walikuwa na akili zao timamu, na mmoja wao alikuwa anajua kusoma gazeti. Mama wa Mtungi, asiyejua herufi, alikwisha kusema dawa yake kwa mkuu wa wilaya: mwenye kutaka kiti asiruhusiwe kununua kinywa cha mtu, basi. Hakuomba kingine. Kila ninaposikia wakubwa wakisema jambo hili ni gumu na linahitaji kuchunguzwa taratibu, namwona karani yule akimwambia aende salama.

Nilimwona mara moja tu baadaye. Mimi nilikuwa nimehamia Tororo, kuwashonea wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, na mke wangu akiwa na shamba dogo njia ya Rubongi. Ilikuwa kura ya mwisho kabla Mwingereza hajafunga mizigo, na mara hii ilikuwa ya karatasi na sanduku, na wanawake nao walipiga. Nilifika mapema kwenye shule ya njia hiyo, mstari ukiwa mrefu tayari kwenye kivuli cha ukuta wa shule. Mtu aliyekuwa mbele yangu aligeuka. Alikuwa amekonda, kichwa chote cheupe, lakini macho yalikuwa yaleyale ya kutafuta uzi uliolegea.

"Eh! Fundi!" alisema, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Bado unalaza vifungo?"

Aliniuliza habari za mke wangu, na za yule mtoto aliyezaliwa kwa shida. Nilimwambia mtoto yuko darasa la tatu. Alifurahi kweli. Akanionyesha pakiti tatu za chumvi ndani ya kikapu chake.

"Hawa watu yote ya kutaka kiti imeniletea chumvi. Nimepokea yote."

"Wewe, Mama?"

"Ndiyo, mimi! Sasa naingia huko ndani peke yangu. Nani ataona?" Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo. Kisha akapunguza sauti, akinikaribia, kama mtu mwenye kumtua mwenzake mzigo. "Fundi, ile siku ya mstari. Mimi nilikuona."

Niliziangalia zile pakiti za chumvi.

"Niliwaambia wale wanawake, huyu fundi si mtu mubaya, huyu amekunywa. Wamemnywesha mitungi ile, sasa afanye nini? Nimesema hivyo miaka yote hii. Mtu akikutaja, mimi nasema, yule pombe ndiyo ilimshika. Usibebe hiyo kitu, fundi."

Alikuwa amenitetea. Miaka yote ile, akiwa na ghala tupu kwa kaka yake, alikuwa akinitetea kwa desturi ambayo mimi sikuivunja wala kuishika. Ningeweza kumshukuru nikanyamaza. Mstari ulisogea hatua mbili, tukasogea pamoja, na bado alikuwa ameushika mkono wangu.

"Mama," nilisema, "sikuwa nimekunywa."

"Kidogo?"

"Hata tone. Aliniletea kitambaa. Majora manne ya kaki. Nikawaambia shemeji zangu."

 Hakunitukana, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikiomba anitukane. Aliuachia mkono wangu. Kisha akanyoosha mkono akapita ubavuni kwangu, akamgusa begani msichana aliyekuwa nyuma yangu, mgeni kabisa, asiyemjua.

"Binti, njoo," alimwambia. "Simama hapa mbele yake."

Msichana aliniangalia kuomba ruhusa. Nikampisha. Akaingia kati yetu, mstari ukasogea tena, na Mama wa Mtungi hakugeuka nyuma mpaka alipoingia ndani.